3D iliyofia sebuleni imefufukia kwenye kuotea

UBISHI wa kuotea hauishi kwenye vibanda umiza. Picha inagandishwa, mmoja anainuka na kuweka kidole kwenye skrini, mwingine anampigia kelele akae chini, anawaziba wenzake. Wote wameona picha ileile, lakini kila mmoja kaona anachotaka.

Tatizo si ushabiki tu. Kamera moja ni sawa na mtu aliyefumba jicho moja. Kama imewekwa katikati ya uwanja na tukio likatokea karibu na boksi, straika aliye upande wa karibu na kamera anaweza kuonekana amempita beki wa upande wa mbali, kumbe wako mstari mmoja. Hapo ndipo mshika kibendera anapotukanwa bure.

Kuna wakati dunia ya soka iliamini dawa imepatikana: TV ya 3D. Januari 31, 2010, Sky ilirusha mechi ya Arsenal na Manchester United kwa 3D kwenye baa tisa za Uingereza na Ireland. United ilishinda 3-1. Miezi michache baadaye, kwenye Kombe la Dunia kule Afrika Kusini, mechi 25 kati ya 64 zilipigwa kwa 3D.

Siri yake iko kwenye macho yetu. Macho ya mtu yameachana kwa sentimita sita hivi, kwa hiyo kila jicho linaona picha tofauti kidogo. Ubongo unaziunganisha, ndipo unajua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Fumba jicho moja halafu jaribu kudaka mpira, utaelewa.

TV ya 3D iliiga hilohilo. Kamera mbili zilifungwa pamoja kama macho, na TV ikaonyesha picha zote mbili kwa kupokezana. Miwani maalumu iliziba jicho hili na kufungua lile kwa kasi kubwa, mpaka kila jicho likapata picha yake bila mtazamaji kushtukia.

Sasa kwa nini ilikufa? Soka yenyewe iliikataa. Kamera kuu ya mpira hukaa juu na mbali, na kwa umbali ule tofauti ya macho mawili karibu inapotea. Ili kina kionekane, kamera ziliteremshwa karibu na nyasi. Picha ikapendeza, lakini shabiki akakosa kuona timu inavyojipanga.

Halafu ile miwani. Kila mtazamaji alihitaji ya kwake. Piga hesabu ya kibanda chenye watu mia! ESPN ilifunga chaneli yake ya 3D mwaka 2013, na kufikia 2017 LG na Sony nazo zilikuwa zimeachana na TV hizo.

Lakini 3D haikuzikwa. Ilihamia kwa waamuzi.

Kwenye Kombe la Dunia la Qatar 2022, kamera 12 zilifungwa chini ya paa la uwanja. Zilifuatilia alama 29 za mwili wa kila mchezaji mara 50 kwa sekunde, huku kifaa ndani ya mpira kikituma taarifa mara 500 kwa sekunde. Kanuni ni ileile ya macho mawili, ila sasa macho yamekuwa 12, yameachana kwa mita nyingi, na hakuna anayevaa miwani.

Majibu yalionekana mapema. Mechi ya ufunguzi, dakika ya tatu tu, Enner Valencia wa Ecuador aliifunga Qatar, goli likakataliwa. Watu walihisi mwenyeji kabebwa. Mchoro wa 3D ulipotoka ukaonyesha mguu wa Michael Estrada ulikuwa mbele, kwa sababu kipa alishatoka langoni na nyuma alibaki beki mmoja tu.

Hata hivyo, mashine si mungu. Machi 2025, mechi ya Kombe la FA kati ya Bournemouth na Wolves ilisimama kama dakika nane kwa sababu wachezaji walisongamana kwenye boksi, kamera zikashindwa kuwatenganisha. Na suala la nani ameingilia mchezo bado ni la refa mwenyewe.

Hili linatuhusu. Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa uenyeji wa AFCON 2027, na gumzo kubwa ni nyasi na viti. Kamera za haki nazo zinastahili kuwa kwenye gumzo hilo.

Kwenye ligi, mshika kibendera anayekimbia sambamba na beki wa mwisho mara nyingi ana pembe nzuri kuliko kamera ya katikati. Kabla ya kumtukana kwa marudio ya jicho moja, shabiki akumbuke kwamba mwenzake ana mawili.