Acheni kuogopa skrini nyeusi

Wasee, tusidanganyane. Eti bila lapi ya laki moja huwezi kuwa programa? Zii!

Chuoni nilikotoka tulifunzwa kubonyeza kitufe tu. Kikikataa, darasa zima limekwama. Lapi yangu ya mtumba ilikuwa inaganda kabla hata ile programu nzito ifunguke.

Halafu nikapata Nim. Kwa terminali unaandika `nim c -r kazi.nim`, basi. Kompaila inageuza msimbo wako kuwa C, inaujenga, inauendesha. Na makro je? Unaandika msimbo unaoandika msimbo mwingine wakati wa kukompaili, badala ya kunakili mistari ileile mara ishirini.

Ndiyo, makro ikikosea utaumwa kichwa. Lakini utajua kwa nini.

Anayebisha aniambie kwanza: kitufe chake hufanya nini?