Neno kwa Vijana: Umeona Nini Jana Usiku?

Ndugu kijana wa Bunia, leo unaenda kwa wachekeshaji, kesho konseri, kesho kutwa sinema. Wazazi wengine wanasema ni dhambi tu. Sisi hatusemi hivyo.

Dieudo Hamadi, mwana wa Kisangani, alitengeneza filamu En route pour le milliard, iliyochaguliwa Cannes mwaka 2020. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana Kisangani siku sita. Katika filamu, watu waliopoteza miguu na mikono wanapanda boti, wanashuka mto mpaka Kinshasa kudai malipo yao. Ukiiona, utamsalimia vingine jirani yako mwenye mkongojo.

Lakini kuna usiku unaokula franga za juma zima la machimbo, na asubuhi hukumbuki kitu. Basi, kabla ya kutoka jiulize: kesho nitamusimulia mama nini? Tena rudini mapema, muwe wengi. Munajua njia zetu za usiku.

Na wewe mzazi, mbele ya kugomba, uliza: "Mwanangu, umeona nini?" Kisha sikiliza.