Mtoto Afunzwe Kuanguka Kwanza

Wazazi wapenzi, wazee husema, samaki mkunje angali mbichi. Lakini akunjaye kwa pupa huvunja. Twaona wengine wakimtia mtoto wa miaka mitano katika michezo ya kukamatana na kuangushana, na aliapo humwita mwoga. Kumbe kichwa chake ni kizito kwa mwili wake, na shingo haijapata nguvu. Tutazame judo, mchezo alioanzisha Jigoro Kano huko Japani mwaka 1882. Mwanafunzi hufundishwa kwanza kuanguka: avute kidevu kifuani, kichwa kisiguse chini, apige mkeka kwa mkono. Ndipo ajifunzapo kumwangusha mwenziwe. Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Tena akigongwa kichwa akapata kizunguzungu, asirudi mchezoni siku ile, hata akisema hajambo. Mpelekeni kwa daktari.