Rosa si herufi nne

Siku hizi hosteli nzima tunapeana haiba kwa herufi nne, mara INFP, mara ENTJ. Sasa tumehamia kwa wahusika wa riwaya. Kwenye ngano sawa: fisi ni mlafi na mjinga, basi. Lakini nenda Mikumi, wilayani Kilosa: fisi madoa huishi kwa makundi yanayoongozwa na majike, na huwinda wenyewe.

Rosa wa Kezilahabi katika *Rosa Mistika* (1971) ni mwoga mbele ya baba yake, Zakaria. Akiwa mbali naye anabadilika kabisa. Ukisema "ndivyo alivyo", Zakaria umemsamehe bure. Wanangu, kabla hamjambandika mhusika herufi, au rumeti wenu, ulizeni kwanza: kalelewa vipi, na fimbo ilikuwa mkononi mwa nani?