Watu wazima nao hukosa usingizi

Usonji ukitajwa huku Machakos, wengi hufikiria watoto tu. Lakini kakangu mwenye usonji ana miaka thelathini na kitu. Muziki wa baa ukianza, au spika za kesha siku ya Ijumaa, halali hadi alfajiri. Mlio ninaousahau mara moja, kwake hukaa mwilini. Asubuhi majirani humwita mvivu, na hilo huniuma sana. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku katika makazi. Zitekelezwe! Nao madaktari, kabla ya kuandika vidonge vya usingizi, waulize kwanza kuhusu sauti, mwanga, wasiwasi na kifafa, ambacho huwapata wenye usonji zaidi kuliko watu wengine.