Lau Ufalme Ungalibaki



Tulipokwenda Kawe kwa jamaa zetu, tulikuta ubishi barazani: lau Sultani Jamshid asingalipinduliwa Januari 12, 1964, Zanzibar ingalikuwa ufalme hata leo, ikitazamana na Jamhuri ya Tanganyika? Maana tangu uhuru wa Desemba 10, 1963, zilitazamana hivyo mwezi mmoja tu. Wengine waliona neema, wengine dhiki.

Sisi tuliuliza habari ya karafuu. Mwaka 1937, enzi ya ufalme, sheria ilikipa chama kimoja ununuzi wa karafuu za kupelekwa ng'ambo. Mwaka 1968, baada ya Mapinduzi, likaundwa shirika la serikali kuzinunua. Bendera mbili, mlango mmoja.

Basi abuniye nchi, ya mfalme au ya rais, kwanza atuambie: mizani ataishika nani?