ELIMU YA MWUGUZI IBAKI WODINI



Huko Marekani iko shahada ya udaktari ya uuguzi wa vitendo. Aliyeipata huendelea kuhudumia wagonjwa. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Nairobi hutoa udaktari wa uuguzi kwa njia ya utafiti. Mwuguzi wa Kitengela au Kajiado akiutaka, kwanza ahesabu karo, nauli na zamu za usiku.

Naye akihitimu, atarudi wodini kwa cheo gani? Asipokiona, atatafuta ofisi au ng'ambo. Mwaka 2021 serikali yetu ilitia saini mapatano ya kupeleka wauguzi Uingereza. Waendao hatuwalaumu.

Sisi twadai mambo mawili: likizo ya masomo yenye mshahara, na cheo cha msomi kilipwe palepale wodini. Elimu ikihama, anayeumia ni mgonjwa.

Umoja ni nguvu.